Nyongeza ya Bolti ya Pili

Kanuni ya Pili ya Mtihani wa Leseni ya Mhandisi wa Ndege inakataza shikamoo. Wageni huicheka, nami huwaacha wacheke. Kabla kanuni hiyo haijaandikwa, mtahiniwa aliingia karakana, akamwamkia mtahini kwa adabu zote, akauliza na hali ya nyumbani, na mtahini akishaitika marahaba anakuwa kama baba mkwe, anaona haya kumfelisha mtoto wa watu. Ndege mbili zilitua kwa tumbo kwa sababu ya adabu hiyo. Tangu hapo mtahiniwa huingia kimya, hutaja namba yake, kisha huonyesha mikono.

"Namba saba," alisema mwanamke yule asubuhi ile, akanyoosha mikono juu ya meza.

Meza ikamsoma. Chini ya ngozi yake, kutoka kwenye viwiko hadi ncha za vidole, nyuzi nyembamba ziliwaka rangi ya buluu.

"Mikono ya urithi," nikasema.

"Ndiyo, mtahini."

"Bangili ya kuinyamazisha iko wapi? Kanuni inasema uingie imezimwa."

"Bangili haifanyi kazi kwangu. Nyuzi zimeshashikana na mishipa. Barua ya daktari imo kwenye faili, na kibali cha Bodi kiko nyuma yake."

Nilifungua faili. Subilaga Nzunda, miaka thelathini na minne, fundi msaidizi kwa miaka kumi na moja. Maana yake, kwa miaka kumi na moja alifungua injini, akazisafisha, akazirudisha, kisha akaja mwingine mwenye leseni akatia sahihi. Ni sawa na kupika kila siku na kumwona jirani akisifiwa mapishi. Kibali cha Bodi kilikuwa na masharti mawili. Kwanza, mtihani huu mmoja tu, akishindwa harudii maisha yake yote. Pili, mtahini athibitishe kwa sahihi yake kwamba ujuzi uliofanya kazi ni wa mtahiniwa mwenyewe, si wa nyuzi.

Sharti la pili lilinikera. Mimi ni mtu wa kanuni, lakini napenda kanuni inayopimika. Nitapimaje ujuzi ni wa nani?

Nieleze kidogo hizi nyuzi. Miaka ile wahandisi walipoadimika na ndege zikazidi kuongezeka, ilianzishwa Benki ya Mikono. Fundi anayestaafu alikaa wiki tatu amevaa mikono ya shati yenye vihisio, anafanya kazi zake zote za kawaida, na Benki inanakili kila mkazo na kila mzunguko wa kiganja. Nakala hiyo ilisukwa katika nyuzi, na nyuzi zikapandikizwa kwa mtu mmoja, mmoja tu. Majina yalifichwa pande zote mbili, aliyetoa hamjui aliyepewa. Nayajua haya vizuri kwa sababu nami nilitoa ya kwangu. Nilikuwa na miaka hamsini na saba, na mkono wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka kiasi cha kumwaga chai. Benki ikachuja mtetemo, ikachukua mikono ilivyokuwa ikiwa mizima, serikali ikanipa muhuri wa utahini, nikahama kutoka kwenye kushika spana nikawa mtazama watu wakishika.

"Je, una uhusiano wowote na mtahini huyu?" nikamsomea, kama Kanuni ya Nne inavyotaka. "Wa damu, wa mafunzo, au wa kazi?"

"Sina."

"Nami sina," nikasema, nikatia alama. Tulikuwa tunasema tulichokijua.

*

Ndege ya mtihani haikuwa ya maonyesho. Ilikuwa ndege ya abiria kumi na tisa, yenye mota nane za umeme kwenye mabawa, na Jumamosi iliyofuata ingebeba watu kwenda Sumbawanga. Ndivyo tunavyofanya hapa Vwawa. Mtahiniwa ajue kwamba juu ya kazi yake kuna mama atakayekalia kiti cha dirishani.

Kazi ya namba saba ilikuwa kubadilisha kishikizo cha mota ya tatu. Bolti sita, muda wa saa nne. Spana ya kipimo aliyopewa ilikuwa ya kizamani kwa makusudi, ile inayolia "ta!" nguvu ikitimia, bila kuandika chochote popote. Kanuni ya Kumi inakataza chombo chenye kumbukumbu ndani ya mtihani. Tunataka kumwona mtu.

Na huyu alikuwa mtu wa kutazamwa. Nimeona watahiniwa mia tatu na zaidi, na wengi wenye mikono ya urithi huachia mikono iende yenyewe huku kichwa kikisinzia. Subilaga hakufanya hivyo. Kabla ya kila hatua alisoma mwongozo kwa sauti ndogo, mstari kwa mstari, na mikono yake ikisubiri. Unaona kabisa vidole vinataka kwenda, vinajua njia, naye anavizuia kama mtu anayezuia ng'ombe wa jembe mwisho wa mstari. Akimaliza kusoma, anaviruhusu. Aliweka kila kifaa juu ya kitambaa cheupe mahali pake na kukihesabu kikitoka na kikirudi. Alipovua mota aliizungusha mkononi, akatega sikio, akaandika, "beringi nzima, naisikia kavu kidogo, ikaguliwe baada ya saa hamsini." Hakuna aliyemwomba aandike hilo. Nilimpa alama mbili za ziada papo hapo, nikajisikia mtu mwenye moyo mzuri.

Akafika kwenye bolti. Ya kwanza: ta! Akaacha, akaweka alama ya rangi.

Ya pili: ta! Kisha kiganja chake kikavuta tena, kidogo sana, upana wa ukucha, na kidole gumba kikapita juu ya kichwa cha bolti kama kinafuta vumbi.

Nao mkono wangu wa kulia, ule unaotetemeka, ulikuwa umevuta vilevile chini ya ubao wa kuandikia, sambamba na wake.

Ile ilikuwa nyongeza yangu.

Mama yangu aliuza viazi Mwanjelwa. Akishapima debe likajaa, aliongeza viwili juu na kusema, "Hiyo nyongeza, mwanangu, usije ukasema nimekupunja." Sokoni kwetu kipimo bila nyongeza ni uchoyo, na mwenye uchoyo mteja hamrudii. Nilikua na adabu hiyo, nikaingia nayo karakana. Spana ikilia, mimi naongeza kidogo, halafu napapasa kichwa cha bolti kwa kidole gumba kama mama alivyopapasa viazi. Wenzangu walitania kwamba ndege zangu zimefungwa kwa upendo. Lakini bolti si mteja. Ukiipitisha kipimo chuma huvutika ndani, na hakuna jicho linaloona. Mwaka mmoja bolti moja niliyoifunga mimi ilikatika angani, mota ya tano ikaning'inia, na rubani akatua kwenye shamba la mahindi. Watu kumi na wanne walitoka wazima. Wachunguzi waliandika "uchovu wa chuma." Nilisoma taarifa ile, nikaikunja, nikanyamaza. Nimenyamaza miaka ishirini na miwili.

Sasa nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha utahini, natazama kosa langu likifanywa na mikono yangu kwenye mwili wa mtoto wa watu.

Bolti ya tatu: ta! Kiganja kikaanza kuvuta. Hapo Subilaga akaachia spana ghafla, akaushusha mkono, akaukung'uta kama mtu aliyetoka kunawa. Alisimama akiutazama. Kisha akaendelea. Ya nne, ta!, na vidole vyote vitano vikafunguka wazi kabla mkono haujapata nafasi. Ya tano hivyohivyo. Ya sita hivyohivyo. Ulikuwa mwendo mbaya kuutazama, wa kishamba kabisa, na hakuna fundi duniani aliyewahi kufanya kazi hivyo. Kwa hiyo ulikuwa wa kwake. Sijawahi kupenda kitu kibaya namna ile.

*

Zilibaki dakika arobaini na moja. Kazi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa sahihi yake tu, na kila bolti ilikuwa na alama ya rangi, na spana ilikuwa imelia mara sita mbele ya mtahini.

Hakutia sahihi. Aliitazama bolti ya pili, akaitazama saa ya ukutani, akarudi kwenye bolti.

Nilijua anapiga hesabu gani, maana nilikuwa naipiga pamoja naye. Kanuni ya Kumi na Tisa inasema kosa likitajwa kabla ya sahihi, mtahiniwa anaruhusiwa kulirekebisha ndani ya muda wake. Muda ukimkuta bolti iko nje, amefeli. Bolti mpya inatoka stoo, na stoo iko kwa Lwitiko. Lwitiko ni mtunza stoo ambaye hana haraka hata nyumba ikiungua. Subilaga akinyamaza, amefaulu. Akisema, anauweka mtihani wake wa pekee mikononi mwa Lwitiko.

Sema, nikamwambia moyoni. Sema, mama. Mimi sikusema.

"Mtahini," akasema. "Natamka kosa chini ya Kanuni ya Kumi na Tisa. Bolti ya pili imepita kipimo. Haifai kurudishwa. Naomba mpya."

"Spana imelia sawasawa. Nimeisikia."

"Imelia, kisha mkono ukaendelea. Nimeusikia begani."

"Umejuaje kwamba ni kosa la mkono?"

"Nakaa nao miaka kumi na moja, mtahini. Ni mikono mizuri sana. Imenifundisha vitu ambavyo hakuna kitabu kinasema. Ila ina tabia hii moja, na kazini nimezoea kuizuia. Leo niliogopa, nikaisahau mara moja." Akatabasamu kidogo. "Aliyekuwa nayo, Mungu amweke pema kama ameshafariki, alikuwa mkarimu mno kwa bolti."

Nilitaka kumwambia sijafariki. Nikaandika saa na dakika.

Lwitiko alisoma namba ya bolti kwenye fomu, akaisoma tena, akatafuta miwani.

"Hii ni ya mota ya tatu au ya nne?" akauliza.

"Ya tatu, kaka. Imeandikwa hapo juu."

"Nimeona imeandikwa. Nauliza wewe unasemaje."

"Nasema ya tatu."

"Haya." Akaingia ndani. Tukasikia droo ikifunguliwa, ikafungwa, nyingine ikafunguliwa. Akarudi na bolti ndani ya mfuko wake, akaikagua kwenye mashine ya kuona nyufa, akangoja taa iwe kijani, akaandika kwenye daftari kwa mwandiko wa mtu anayemwandikia askofu. Nilitaka kumnyonga, na nilijua anafanya sahihi kabisa. Subilaga alisimama wima mbele ya dirisha la stoo bila kumharakisha hata kwa kukohoa.

Bolti ilifika mkononi mwake zikiwa zimebaki dakika tisa. Hata hapo alisoma mwongozo, mstari kwa mstari. Akatoa ile ya zamani na kuifunga kitambaa chekundu ili isirudi kazini kwa bahati mbaya. Akaingiza mpya. Ta! Vidole vikafunguka vyote. Akahesabu vifaa vyake kwenye kitambaa cheupe, vikatimia, akatia sahihi. Zilikuwa zimebaki dakika mbili.

*

Alipata tisini na moja, na anayefaulu anahitaji sabini na tano. Fomu ya mwisho hujazwa mtahiniwa akiwa amekaa mbele yako, ndivyo kanuni ilivyo, ili usiandike kitu usichoweza kumtazama nacho usoni.

Kwenye mstari wa ujuzi ni wa nani, ule ulionikera asubuhi, niliandika bila kusita: *Wake. Nimemwona akiikatalia mikono yake.*

Chini yake kulikuwa na mstari mmoja zaidi. Kanuni ya Nne huuliza mara mbili, asubuhi na jioni, kwa kuwa mtu huweza kumfahamu mwenzake ndani ya saa nne. *Je, kuna uhusiano wowote?* Asubuhi niliandika hakuna. Kalamu ikasimama.

Nikiandika upo, mtihani unabatilika. Na yeye alipewa mmoja tu. Kanuni hazikusema kama uliobatilika unahesabiwa, nimezisoma mara ngapi sijui. Nikiandika hakuna, kesho ana leseni, anaistahili kuliko mtu yeyote niliyewahi kumtahini, na siri inabaki na mimi mzee mwenye mazoea ya kutunza siri.

"Nilikuona," akasema.

"Uliona nini?"

"Kwenye bolti ya pili. Mkono wako ulivuta pamoja na wangu. Nilifikiri ni ule mtetemo, mpaka nikaona kidole gumba." Alinyoosha mikono yake juu ya meza kama asubuhi, safari hii bila kuambiwa. "Ni yako?"

"Ni yangu."

Nikamweleza kuhusu nyongeza ya mama yangu, mota ya tano na shamba la mahindi, na karatasi niliyoikunja. Sikuwahi kumwambia hata marehemu mke wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunipa pole wala hakunilaumu.

"Sasa hii fomu," nikasema. "Unataka niandike nini?"

"Nisikudanganye, mtahini. Naitaka leseni hii kuliko chochote. Binti yangu ameshaichora ubaoni." Machozi yalimlengalenga, akayazuia kama alivyozuia mikono. "Lakini usiniulize mimi. Mimi la kwangu nimeshalitamka."

Nilimchukia kwa muda mfupi sana, kama unavyomchukia mtu aliyekuamsha usingizini. Kisha nikaandika: *Uhusiano upo. Mikono ya mtahiniwa ni nakala ya mikono yangu, pamoja na kosa langu. Kichwa kilicholisahihisha ni chake.* Nikageuza karatasi, nikaandika upande wa pili habari zote za mota ya tano, tarehe na namba ya bolti, ambayo sikuwahi kuisahau. Kalamu ilitetemeka, maneno yakawa kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Nikauweka muhuri wangu juu ya fomu na kuvisukuma vyote viwili upande wake wa meza, avipeleke Bodi.

*

Bodi ilikaa wiki saba. Muhuri hawakunirudishia, na ilikuwa haki. Taarifa ya shamba la mahindi ilifunguliwa upya, nikaitwa mara tatu kuhojiwa, nikajibu yote. Juu ya Subilaga walibishana sana. Mmoja alisema kibali ni cha mtihani mmoja na mmoja umeshafanyika. Mwingine akasema kosa la mtahini halibebeshwi mtahiniwa. Huyo wa pili ndiye aliyeshinda, kwa kura moja. Mtihani ungefanyika upya, mtahini atoke Tabora, na mimi nisiwe ndani ya uzio.

Basi nikakaa nje ya uzio. Siku hiyo nilifika saa moja asubuhi, nikakaa kwenye benchi la muuza kahawa aliye mkabala na lango, nikanywa vikombe visivyohesabika huku nikimwaga nusu yake. Baridi ya Vwawa ilinitafuna magoti. Saa sita lango halikufunguka. Saa nane, bado. Nilimfikiria Lwitiko akitafuta miwani, nikamwomba Mungu amwonyeshe ilipo.

Alitoka saa tisa na nusu, ana grisi shavuni. Usoni hakusomeka. Akavuka barabara mpaka benchini, akasimama mbele yangu.

"Shikamoo, mzee," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Enhe?"

"Tisini na sita."

Akanyoosha mkono, nami nikanyoosha wangu ukitetemeka, akaushika. Aliushika kwa nguvu ileile inayotakiwa, si zaidi si pungufu, na mtetemo ukatulia. Nilikuwa nimeshikwa na mkono wangu wa zamani, wenye nguvu zake zote, na haukuwa wangu tena. Tukakaa hivyo mpaka pale watu wanapoachiana kwa kawaida.

Hakuniachia. Akavuta tena, kidogo sana, upana wa ukucha, na kidole gumba chake kikapita juu ya kifundo cha mkono wangu.

"Hiyo nyongeza, mzee," akasema. "Huku nje ya uzio inaruhusiwa."

Nililia palepale, mbele ya muuza kahawa na wateja wake, wala sikuona haya.